Kutengeneza AMV ukiwa na simu tu: anza na masikio

Kila nikiposti video machalii wanakuja inboksi, kaka apu gani hiyo, na kila siku najibu apu sio shida. Natumia CapCut kwenye simu, na braza akiniachia laptopu yake naingia DaVinci Resolve, zote za bure zipo na zinatosha kabisa. Leo naandika mara moja yaishe.

Kwa asiyejua, AMV (anime music video) ni unachukua vipande vya anime, yaani katuni za Kijapani, unavikata unavipanga upya juu ya wimbo mpaka vinasema kitu ambacho mwenye katuni hakukisema. Na sio mambo ya jana asee, mwaka 1982 jamaa mmoja Marekani anaitwa Jim Kaposztas aliunga deki mbili za video, akachukua sehemu za vita za anime ya Star Blazers akazilaza juu ya wimbo wa Beatles, All You Need Is Love. Watu wanalipuana huku wimbo unabembeleza mapenzi, utani wote uko hapo. Sisi tuliokulia vibanda umiza vya Ngarenaro, Arusha, tunaangalia muvi za Kichina huku mtafsiri anachomekea maneno yake mwenyewe hiki kitu tunakielewa vizuri tu, picha ya mtu kuisemesha ya kwako tumeanza kuiona tukiwa watoto.

Sasa kazi. Usifungue apu kwanza. Chagua wimbo, weka hedifoni, sikiliza mpaka uuchoke, mimi nasikiliza kwenye haisi ya Sakina kwenda na kurudi, nikishuka nishajua wimbo unapanda wapi, unanyamaza wapi na neno gani limebeba mzigo. Alafu ukate ubaki dakika moja na nusu, opening za anime zenyewe, ile video ya wimbo wa mwanzo, ziko hapo hapo sekunde 90 na zinatosha kukufanya umpende mtu hujamjua. Wimbo mzima wa dakika nne utakutoa jasho, utaanza kujazia klipu za kulazimisha na mtu anaona.

Klipu nazo usizoe kila pigano kali unaloliona. Chagua mtu mmoja na jambo lake moja, mfano dogo aliyeondoka kwao bila kuaga, basi tafuta milango, mabegi, sahani ya chakula imepoa, mgongo wa mama. Pigano moja likija baada ya hivyo vyote linapiga mara kumi. Video yangu ya kwanza ilikuwa ngumi mwanzo mwisho na chini inapita sabutaito ya Kiarabu, sitaki hata kuikumbuka. Kwa hiyo tafuta klipu safi zisizo na maandishi, na zile ambazo mtu anaongea sana ziache, mdomo unaochezacheza bila sauti unaharibu.

Isipokuwa unataka aimbe, na hapa ndo patamu. Anime nyingi mdomo una michoro kama mitatu tu, umefungwa, nusu, wazi. Kiswahili chetu silabi karibu zote zinaishia na vokali, kwa hiyo mdomo unafunguka kwenye kila silabi na hujisumbui sana, wewe kazi yako ni kutafuta m, b na p, pale midomo lazima ikutane. Chukua neno pambana: p funga, a wazi, mb funga tena, a wazi, na hiyo na ya mwisho iache iende. Kata fremu, yaani zile picha moja moja za video, ambazo mdomo umefungwa uziweke hapo na mtu ataapa katuni imerap Kichuga, Kiswahili cha Arusha. Mimi kwa hili napenda hip hop ya kwetu, Joh Makini au Nako 2 Nako, maneno yanasikika moja moja. Singeli bado inanishinda, ile kasi hata jicho halifuati.

Kabla hujaanza kukata, weka projekti fremu 24 kwa sekunde. Apu nyingi za simu zinakuja na 30 na anime inatembea 24, ndo maana video yako inashtukashtuka na hujui kwanini. Alafu kuna hesabu nzuri: wimbo wa biti 90 kwa dakika, kila biti ni fremu 16. Ukishaijua hiyo hubahatishi tena.

Ila usikate kila biti!! Hilo ndo kosa la wengi. Kukata kwenye biti ni rahisi, kitamu zaidi ni kile kinachotokea ndani ya picha kiangukie kwenye biti, mlango unajifunga pale ngoma inapogonga, machozi yanadondoka pale beis inapoingia, na klipu yenyewe hujaikata. Isogeze fremu moja mbele, mbili nyuma, angalia, rudia. Nshawahi kukaa na kipande cha sekunde tatu usiku mzima, umeme ukakatika sijasevu, nikakianza upya na nikajikuta nimekiweka vizuri zaidi ya mwanzo, lakini wewe sevu tu.

Slow motion punguza. Anime mchoro mmoja unashikiliwa fremu mbili au tatu, ukiivuta zaidi inakwama kama baiskeli kwenye kokoto, bora uharakishe kuliko kuchelewesha. Efekti za kumulika na kutikisa ziweke mwisho kabisa, na ukitoa moja ukaona hakuna kilichopungua basi haikuwa na kazi.

Ikiisha muonyeshe mtu asiyeangalia anime. Mimi nikienda Moshi nampa mama simu, haelewi hata majina yao, mara ya mwisho akauliza sasa huyu mtoto mbona hampigii mama yake. Asingeuliza ningerudi kukata upya.

Kuposti ni haraka, toa video kwa ubora wa 720p kama bando ni dogo. YouTube ina mfumo wa Content ID unaotambua nyimbo na picha, wanaweza kuizuia au matangazo yakamlipa mwenye kazi, kwa hiyo usipige hesabu ya hela hapo, taja wimbo na anime kwenye maelezo na ubaki na kopi yako kwenye flashi.