Somo: Kufunga spesa za tairi kwenye gari la porini

Tulikuwa tumeshapita Engare Sero tukishuka kuelekea Mto wa Mbu, Prado iliyokuwa mbele yetu ikaanza kuyumba nyuma. Dereva aliwahi kusimama. Tulipofungua tairi la kushoto tukakuta stadi mbili kati ya sita (boliti zinazochomoza kwenye habu, kitovu kinachofungwa tairi) zimekatika. Gari lilikuwa na spesa, kipande kinene kinachokaa kati ya habu na rimu ili kulisogeza tairi nje: nati za ndani hukifunga kwenye habu, na rimu hufungwa kwa nati za nje kwenye stadi zake chenyewe. Nati hizo za ndani zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Nati za nje, zile anazoziona kila mtu, zilikuwa zimekaza vizuri kabisa. Ndani ya gari mlikuwa na watoto wawili. Tangu siku ile mtu akiniuliza habari za spesa naanzia kwenye nati za ndani.

Kinacholishika tairi ni mbano. Nati ikikazwa, stadi inavutika kidogo na kuibana rimu kwenye habu mpaka nyuso mbili zishikane kwa msuguano. Mbano ukilegea, rimu inacheza, stadi inapindwa huku na huku kwa kila mzunguko, mwishowe inachoka na kukatika. Ukiweka spesa umeongeza uso wa pili wa kubanwa na seti ya pili ya nati, na hiyo seti imejificha.

Hatua ya 1: jua unaihitaji kwa nini. Tairi pana linagusa chesisi au springi ukikata kona? Sawa. Ni muonekano tu? Mimi ningeacha.

Hatua ya 2: nunua inayolingana na gari lako. Prado nyingi (si zile mpya za 250) na Hilux za 4x4 zina stadi 6 kwenye duara la milimita 139.7, nyuzi M12x1.5, na tundu la katikati milimita 106.1. Tundu la spesa likae kwenye habu bila kucheza, na spesa yenyewe iwe na mdomo wa kuipokea rimu. Chagua aluminiamu iliyofuliwa, kama 6061-T6. Ile ya kumiminwa kwenye kalibu iache dukani. Usipandanishe spesa mbili, hata kama fundi anakuambia amefanya hivyo miaka yote.

Hatua ya 3: weka stendi chini ya gari, usitegemee jeki peke yake. Toa tairi, kisha sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Ondoa vile vibanio vyembamba vya kiwandani vinavyoshika diski kwenye stadi. Kutu au kibanio kikibaki chini ya spesa, leo nati itaonekana imekaza. Baada ya kilomita 200 za mawimbi ya barabara ya vumbi kile kitu kimesagika na mbano umekwisha.

Hatua ya 4: ingiza spesa kwa mkono bila nati. Ilale bapa pande zote. Kisha tazama ncha za stadi za gari: zikichomoza kupita uso wa spesa, zitaisukuma rimu isikae, isipokuwa rimu iwe na mashimo ya kuzipokea nyuma yake.

Hatua ya 5: kaza nati za ndani kwa spana ya toki (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa mtindo wa nyota, yaani nati moja kisha ya upande wa pili, mwenzako akiwa amekanyaga breki. Kwa nati za M12 za Toyota ni takriban Nm 110. Kitabu cha gari lako na maelezo ya spesa ndiyo ya kufuata. Mashine ya upepo isiguse hapa.

Hatua ya 6: rudisha tairi, kaza vilevile. Rimu za chuma hutumia nati za koni, na rimu nyingi za aluminiamu za Toyota hutumia nati bapa zenye wesha. Usizichanganye. Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote, usikilize kama tairi linagusa madigadi.

Hatua ya 7: baada ya kilomita 50 hadi 100, toa tairi tena ukaze nati za ndani. Ndiyo, toa tairi. Hapa ndipo wengi wanapokata njia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina Land Cruiser 79, nyuma ni nyembamba kuliko mbele. Kwenye mchanga tairi za nyuma zinachimba njia yake. Nikiweka spesa nitapona?

Jibu: Kwa zile za kuanzia 2007 tofauti ni kama milimita 95, kwa hiyo kila upande karibu 47. Zitafuata njia moja, ila kwa gari linalobeba mzigo huo ni unene ninaouogopa, maana tairi likitoka nje beringi inaelemewa zaidi. Rimu yenye ofseti tofauti (ile ambayo uso wake wa kufungia umesogezwa ili tairi litoke nje) inaielemea beringi vilevile, lakini haina nati zilizofichwa, kwa hiyo naipendelea. Dawa kamili ni ekseli pana.

Swali: Fundi wangu anataka kupaka grisi kwenye stadi zisishike kutu. Nimkubalie, kaka?

Jibu: Hapana, dada. Grisi inapunguza msuguano kwenye nyuzi, kwa hiyo spana ya toki itaonyesha namba ileile huku stadi ikivutwa kupita kiasi. Apake kidogo kwenye mdomo wa habu tu.

Swali: Na zile sahani za milimita 5 zisizo na stadi zake?

Jibu: Hesabu mizunguko. Nati ya M12x1.5 izunguke angalau mara 8 kamili tangu ishike mpaka ikaze. Ikikaza kabla ya hapo, toa sahani au weka stadi ndefu.

Swali: Nikipata pancha safarini?

Jibu: Tairi likishatoka, zijaribu nati za ndani kwa toki yako kabla tairi la akiba halijaingia. Na nati za spesa beba za ziada, kwa sababu ndani ya spesa nyingi nati ya kawaida ya gari haiingii.