Kupanga masomo ya muhula ukiwa na somo nje ya fani yako

Ratiba inayomlemea mwanafunzi mara nyingi haina masomo mengi kuliko ya wenzake. Ina masomo yanayodai kazi ya aina moja kwa wakati mmoja. Mimi ni mshauri wa masomo, na hilo ndilo ninaloangalia kwanza mtu anaponiletea mpango wake wa muhula.

Hatua ya 1: Anza na masomo ya lazima

Yaandike yote hadi mwaka wa mwisho, kisha chora mishale kuonyesha lipi linatangulia lipi: takwimu kabla ya mbinu za utafiti, kwa mfano. Somo linalofundishwa mara moja tu kwa mwaka lizungushie duara. Ukilikosa, yote yanayolifuata yanasogea mwaka mzima, kwa hiyo usiliahirishe kwa ajili ya somo la hiari, hata liwe tamu vipi.

Hatua ya 2: Hesabu saa, usihesabu masomo

Kwa kanuni iliyozoeleka Marekani, krediti moja (kipimo cha uzito wa somo) ni saa moja darasani na saa mbili za kujisomea kila wiki. Krediti 15 ni saa 45. Mfumo wa ECTS, yaani mfumo wa pamoja wa krediti wa vyuo vya Ulaya, una krediti 60 kwa mwaka, kila moja saa 25 hadi 30 za kazi. Tafuta kipimo cha chuo chako, kisha ongeza saa za kibarua na za safari. Jumla ikizidi 55 kwa wiki, mimi humwambia mtu apunguze.

Hatua ya 3: Chagua somo la nje kwa aina ya kazi yake

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu huchagua kwa jina la somo. Chukua mwanafunzi wa uhandisi mwenye kalkulasi, fizikia yenye maabara, na uandishi wa programu. Yote matatu yanataka mazoezi ya kukusanywa kila wiki. Akiongeza uchumi wenye hesabu nyingi kwa kuwa hesabu anaziweza, amejipa tarehe ya nne ya kukusanya kazi kila wiki. Historia au falsafa ingemfaa zaidi: kusoma kunaweza kuhamia Jumamosi, na insha huwa mbili au tatu tu kwa muhula.

Mwanafunzi wa sheria naye, aliyezama kwenye kurasa wiki nzima, apumzishwe na takwimu au uchoraji. Lugha ya kigeni pia inamfaa, ila asidanganywe na wepesi wake wa mwanzoni. Ina vipindi vingi na mazoezi ya kila siku, na msamiati wa mwezi mzima haumezwi usiku mmoja.

Kuhusu “somo la mteremko” mnaloambiana: uliza nini kinakusanywa kila wiki na alama zinagawanywaje. Angalia pia kama somo hilo la utangulizi limetungwa kwa ajili ya wenye fani hiyo. Kemia ya wanaoelekea udaktari si kemia ya mpita njia. Idara nyingi zina somo jingine kwa watu wa nje.

Hatua ya 4: Weka tarehe zote kwenye karatasi moja

Chora safu moja kwa kila wiki ya muhula. Kwa kila silabasi, andika M penye mtihani, I penye insha, R penye ripoti. Ukikuta wiki ya 8 ina M ya kalkulasi, M ya fizikia na I yenye asilimia 30 ya alama za historia, badilisha somo la nje sasa, kabla hujajisajili. Silabasi mpya haijatoka? Tumia ya mwaka jana. Mpangilio haubadiliki sana.

Hatua ya 5: Panga siku

Usibananishe mihadhara minne mfululizo. Basi.

Hatua ya 6: Jisajili ukiwa na akiba

Kuwa na somo moja la kubadilishia, na ujue tarehe mbili: mwisho wa kuacha somo bila kuacha alama kwenye hati ya matokeo, na mwisho wa kujitoa kwa alama ya W au inayofanana nayo. Kabla ya kuacha lolote, angalia kiwango cha chini cha krediti kinachodaiwa na ufadhili au viza yako. Marekani, kwa shahada ya kwanza, kwa kawaida ni 12 kwa muhula.