Mwaga Leo, Hariri Kesho

"Kikapu chake kilichochanika kilikuwa kimejaa dagaa." Sentensi hiyo moja ilinila karibu nusu saa pale Kivukoni nikisubiri pantoni ya Kigamboni. Nilipofika kwenye dagaa nikaona hapana, si kikapu, ni mfuko. Nikafuta. Kumbe ukigusa nomino ya Kiswahili umegusa ukoo mzima: chake ikawa wake, kilichochanika ikawa uliochanika, kilikuwa kimejaa ikawa ulikuwa umejaa. Nilipomaliza kupatanisha, nililotaka kusema juu ya yule mama lilishanitoka, na watu wameanza kuingia.

Tangu hapo siandiki na kuhariri kwa wakati mmoja. Nafanya hivi.

Hatua ya 1: Chukua kaunta buku na peni. Simu inakusahihishia Kiswahili kwa Kiingereza, na kompyuta inapigia kila neno mstari mwekundu kana kwamba umetukana. Utamwagaje mawazo huku unasimamiwa?

Hatua ya 2: Weka kengele ya dakika 10, uanze. Mkono usisimame. Ukikwama, andika "sijui niandike nini" hata mara tano, litakuja lingine. Ukisita kati ya maneno mawili, yaandike yote na mkwaju katikati: kikapu/mfuko. Jina la mtaa limekutoka? Weka XX, songa mbele. Ukiandika "gari zangu" kama tunavyosema mtaani, iache; magari yatapata ya kwao baadaye. Kufuta marufuku, na kurudi juu kusoma pia marufuku. Hili la pili ndilo gumu, mimi mwenyewe bado linanishinda siku nyingine.

Hatua ya 3: Funga daftari. Lilale usiku mmoja. Kama kazi inatakiwa leo leo, basi walau kanywe chai.

Hatua ya 4: Hariri, kwa peni ya rangi nyingine. Usianze na tahajia! Utasafisha aya nzima halafu uikate. Soma kwa sauti kwanza, utafute mahali ambapo maandishi yanaanza kupumua. Kwangu huwa ni ukurasa wa pili. Wa kwanza ni kukohoa tu, naukata bila huruma. Kisha rudi kwenye mikwaju, chagua neno moja, na upatanishe sentensi yote kwa mara moja. Jaza XX zako. Mwisho kabisa ndiyo uwinde "alafu", "ambae" na "nae", pamoja na r na l zilizobadilishana viti: ukiandika "mahali imelipwa", wakwe hawatakuelewa.

Wapo wanaoniletea walichomwaga wakiniambia ni hadithi, eti ikihaririwa itapoteza ladha. Wanapenda ladha ya mate yao. Wapo pia wa upande wa pili, wenye aya moja inayong'aa waliyoanza kuisugua mwaka juzi. Hao nawahurumia zaidi, maana nilikuwa mmoja wao.

Yule mama wa dagaa nilimrudia jioni ile ile, dakika 10, bila kufuta. Kwenye mstari wa ishirini hivi mkono ukaandika wenyewe: hakuwa na kikapu wala mfuko. Alibeba ndoo.