Wa Tanga wenye watoto waliozaliwa Mombasa, hii inawahusu

Jamani huku kwetu nusu ya mtaa ina ndugu Mombasa, na naona watu wanachanganya sana hili la uraia. Mtoto kuzaliwa Mombasa hakumfanyi Mkenya, Kenya inaangalia mzazi, kama baba wala mama si raia wa kule basi kile cheti cha kuzaliwa cha kule ni cheti tu. Kwetu anaingia kwa kurithi, awe baba ndo Mtanzania au mama, ila mtego uko hapa: huyo mzazi asiwe nae raia wa kurithi. Yaani wewe ulizaliwa Mombasa ukapata uraia kupitia mamako, sasa na mwanao azaliwe kulekule, kwa upande wako hapati. Kwa hiyo dada kama uko hivyo na mimba ishakua, vuka mpaka wa Horohoro mapema ukajifungulie hospitali ya Bombo hapa Tanga yaishe.

Tajnisi, yaani mgeni kuomba uraia, ndo ndefu, miezi 12 mfululizo nchini kabla ya kuomba, na ndani ya miaka 10 kabla ya hiyo miezi 12, jumla uwe umekaa miaka 7, Kiswahili au Kiingereza ukijue. Mke mgeni wa Mtanzania ana njia yake, mume mgeni hana, anaenda tajnisi kama wengine (sheria ya 1995 hiyo, mi naona sio haki lakini ndo ilivyo).

Wenye paspoti mbili, mtoto akigonga 18 achague moja. Na cheti cha kuzaliwa cha mzazi kifuatilieni RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi) mapema, ndo kinaonyesha mzazi alizaliwa wapi.