Nembo ya Chaneli Isigande Kwenye Kioo cha OLED

Runinga ya OLED haina taa nyuma ya kioo. Kila pikseli, yaani nukta ndogo ya picha, huwaka yenyewe, na kadiri inavyowaka ndivyo inavyochakaa. Nembo ya chaneli au utepe wa habari ukikaa palepale saa nyingi kila siku, pikseli za hapo huchoka kabla ya jirani zake, na alama yake huonekana hata ukihamia filamu. Pikseli iliyochakaa hairudi upya. Runinga za kawaida za LED hazina tatizo hili. Zikiacha kivuli, kwa kawaida hufifia chenyewe. Kwa hiyo soma kwanza boksi la runinga yako limeandikwaje.

Tabia ya kuacha leo ni kuzima runinga kwa swichi ya ukutani mara tu mnapomaliza kutazama. Runinga za LG, kwa mfano, zikishafikisha jumla ya saa 4 za kutazamwa husubiri uzime kwa rimoti, kisha hupima pikseli na kusawazisha zilizochoka. Usafishaji huo wa pikseli huchukua dakika chache tu na kioo hubaki cheusi, lakini lazima umeme uwepo. Ukikata swichi, haifanyiki, na uchakavu unalimbikizana. Zima kwa rimoti, acha swichi usiku kucha. Kama unahofia umeme kuruka, weka TV guard nzuri. Radi zikianza, chomoa bila wasiwasi. Usafishaji utafanyika siku nyingine.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya kulinda kioo. LG za karibuni wameiweka chini ya “OLED Care”, Samsung “Panel Care”. Washa kusogeza picha na kupunguza mwangaza wa nembo. Ondoa picha kwenye “Vivid”, ambayo inafaa dukani penye taa kali, uweke “Cinema” au “Filmmaker”. Usiku sebuleni utaona vizuri tu. Ukisimamisha filamu au mchezo ili ule, zima kabisa. Menyu ya king'amuzi nayo isiachwe wazi.

Kukagua, chezesha video ya rangi moja, kijivu halafu nyekundu, chumba kikiwa na giza, uangalie kona na sehemu ya chini. Ukiona kivuli, tazama vipindi mchanganyiko saa moja au mbili, urudie. Kikiwa kimefifia, hakikuwa uchakavu. Kikibaki, endesha usafishaji mrefu, ule wa “Pixel Cleaning” au kwa Sony “Panel Refresh”. Huchukua takriban saa moja, na mstari mweupe unaweza kupita kiooni. Usishtuke, wala usikate umeme. Usiufanye kila wiki kwa kudhani unakinga, kwa sababu nao unakula uhai wa kioo. LG huufanya wenyewe kila baada ya saa 2,000 hivi.

Mwaka 2018 RTINGS, tovuti inayopima runinga, waliwasha runinga sita za OLED aina ya LG C7 saa 20 kwa siku, kila moja na maudhui yake. Zilizoonyesha CNN muda wote zilibaki na alama mbaya kiooni, hasa ile ya mwangaza wa juu kabisa. Runinga ya saluni, baa au mapokezi ya hoteli, inayokaa chaneli moja asubuhi hadi usiku, inunuliwe LED. Na kabla ya kulipia OLED ya nyumbani, soma waranti: nyingi hazigusi alama za namna hii.