Bakajani la nyanya kivungulioni Malindi: tazama jani kabla ya kununua dawa

Madoa yakitokea kwenye nyanya, wengi hukimbilia duka la pembejeo na kurudi na dawa yenye metalaksili, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa na wakulima wa Nyandarua. Huko ni baridi, na ugonjwa unaowamaliza ni bakajani chelewa. Malindi mambo ni tofauti. Kivungulio, yaani nyumba ya plastiki ya kulimia, kinachofika nyuzi 30 mchana hushikwa zaidi na bakajani tangulia, ugonjwa unaostawi kwenye nyuzi 24 hadi 29, na metalaksili haiugusi hata kidogo. Kinachowadanganya watu ni kwamba dawa hiyo mara nyingi huuzwa ikiwa imechanganywa na mankozebu. Ile mankozebu ndiyo inayofanya kazi, sifa inakwenda kwa mwenzake.

Kwa hiyo anza na jani. Bakajani tangulia huanzia majani ya chini, yaliyozeeka. Doa huwa la kahawia, upana wa kama sentimita moja, lenye duara ndani ya duara, na jani hugeuka manjano kulizunguka. Kwenye tunda hushika karibu na kikonyo: shimo jeusi, kavu, kama ngozi. Bakajani chelewa halichagui umri wa jani. Huleta mabaka makubwa ya kijani kilichokoza, kama jani lililomwagiwa maji ya moto, na shina hupata michirizi ya kahawia iliyokolea. Pwani lisubiri zaidi wakati wa kusi, kuanzia Mei hadi Agosti, mvua ikifuatana na usiku uliopoa. Ukikaa na shaka, tia jani kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambaa chenye unyevu, ulaze ndani ya nyumba usiku mmoja. Utando mweupe chini ya jani, ukingoni mwa baka, ni chelewa.

Mche ukinyauka wote ungali kijani, bila madoa, hilo si bakajani. Kata kipande cha shina ukitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe zikichuruzika ni mnyauko wa bakteria, na hakuna dawa ya kuupulizia. Ng'oa na udongo wake.

Ukishatambua bakajani tangulia, ondoa majani yenye madoa mchana, yakiwa makavu. Usizidishe theluthi moja ya majani ya mche kwa wiki, la sivyo jua litababua matunda. Mkasi uchovye kwenye jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, kila unapohama mche. Majani hayo usiyatupe kwenye lundo la mboji: yafunge kwenye mfuko mweusi, uache juani siku kadhaa, kisha uzike. Kwa bakajani chelewa usihangaike na jani moja moja. Mche ulioshikwa shina ng'oa mzima siku hiyo hiyo, kwani kukiwa na unyevu wiki moja yatosha kumaliza kivungulio.

Chanzo kikubwa, hata hivyo, ni jasho la plastiki. Watu hufunga kivungulio jua likichwa kama wanavyofunga banda la kuku. Hewa yenye unyevu hupoa usiku, maji yanajikusanya chini ya plastiki kisha yanadondokea majani, na vijidudu vya ukungu vinahitaji saa chache tu za jani lililolowa ili viote. Pwani hakuna baridi ya kukufanya ufunge. Pande zote ndefu ziwe na neti kuanzia mita 1 kutoka chini hadi juu, na paa liwe na mwanya wa kutolea joto. Upande mrefu ukielekea baharini, kusi na kaskazi zote zitapita ndani. Plastiki ya pembeni iteremshwe mvua inapopiga tu, kisha ipandishwe.

Maji yapite kwenye mipira ya matone, asubuhi, si jioni, na kamwe yasimwagwe kwa kopo juu ya majani. Tandaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au nyasi kavu chini ya miche ili udongo usirukie majani. Panda mashina 2 kwa kila mita ya mraba, yafunge kwa kamba wima, ondoa vichipukizi vya kwapani kila wiki. Mikungu ya chini ikianza kuiva, sentimita 30 za mwanzo za shina zibaki tupu.

Tena kuna njaa ya mche, ambayo watu huisahau. Mchanga wa Malindi hauweki naitrojeni. Maji huishusha chini, majani ya chini yanachakaa mapema, na bakajani tangulia hupenda jani lililochoka. Kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya CAN, yenye naitrojeni, kwa kila mche, kila wiki mbili, sentimita 10 kutoka shinani, kinafaa kuliko pulizo nyingi.

Dawa sasa. Kopa oksikloraidi hukinga, haiponyi: kipimo cha kawaida ni gramu 5 kwa lita 2 za maji, kila siku 7 hadi 10 wakati wa mvua, asubuhi umande ukishakauka, na upulize hadi chini ya majani. Ugonjwa ukiwa umeshaingia, azoksistrobini hufaa kwa tangulia, lakini usiirudie zaidi ya mara mbili mfululizo. Badilisha na kopa, la sivyo ukungu utaizoea. Kibandiko ndicho cha mwisho kwa kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuchuma, na kiwe na nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za kilimo. Mwarobaini uuache kwa wadudu.

Msimu ukiisha toa mabaki yote, kwani tangulia hubaki kwenye majani makavu hadi mwaka mwingine. Januari hadi Machi, kaskazi na jua kali, ni nafasi nzuri ya kuusafisha udongo kwa joto la jua: lowesha udongo, funika kwa plastiki angavu, zika kingo zote, acha wiki 4 hadi 6. Kisha panda kunde au mchicha kwanza. Biringanya na pilipili hoho ni jamaa za nyanya, zisipokezane hapo.