Jinsi ya Kujua Kasi ya Intaneti Unayoilipia Kabla ya Kubadili Kifurushi

Kazi yangu ni kufunga ruta na kurekebisha intaneti katika maduka na ofisi ndogo za Dar es Salaam, na karibu kila siku nakutana na mtu aliyeongeza fedha bila kuona kasi ikiongezeka. Tatizo huanzia kwenye kutotofautisha bidhaa mbili ambazo mitandao ya simu huuza: ujazo, yaani MB na GB zenye muda wa kuisha, na kasi, yaani kiwango cha Mbps kinacholipiwa kwa mwezi, hasa kwenye ruta za 5G za nyumbani. Uswisi, kampuni ya simu ya Swisscom ilianza mwaka 2012 kuuza laini za simu kwa viwango vya kasi. Kwetu simu za mkononi bado huuziwa ujazo zaidi. Aliyenunua ujazo hupata kasi ambayo mnara unaweza kumpa kwa wakati huo, awe amejiunga kwa shilingi 500 au kwa 50,000.

Hatua ya 1: Tenganisha biti na baiti. Mbps huhesabu megabiti kwa sekunde, ilhali MB ni megabaiti, na baiti moja ina biti 8. Kwa hiyo Mbps 10 ni sawa na MB 1.25 kwa sekunde, na faili la GB 1 litachukua takribani dakika 13 kupakuliwa.

Hatua ya 2: Pima kasi mahali unapotumia intaneti. Tumia programu ya Speedtest au tovuti ya fast.com asubuhi, mchana, na kati ya saa 1 na saa 4 usiku, kwa kuwa watu wote walio chini ya mnara mmoja hugawana uwezo wake. Ukipata Mbps 30 asubuhi na 3 usiku, mnara umeelemewa. Hapo kuongeza GB hakutakusaidia, bali ujaribu laini ya mtandao mwingine. Fahamu pia kwamba kipimo chenyewe hula bando: kwa Mbps 40, sekunde 15 humaliza MB 75.

Hatua ya 3: Soma nguvu ya mawimbi. Katika simu nyingi za Android piga *#*#4636#*#*, na katika iPhone piga *3001#12345#*, kisha tafuta namba inayoishia na dBm. Namba hiyo ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu: -85 ni nzuri, na ikivuka -110 kwenda chini ni dhaifu. Duka moja la stationery huko Mbagala lilikuwa limeweka ruta nyuma ya kabati la chuma, ikisoma -113, na mwenye duka alikwisha kuandaa fedha za kifurushi kikubwa zaidi. Tuliipandisha kwenye dirisha linaloelekea barabarani, ikasoma -94, na kasi ikatoka Mbps 2 hadi 17 kwa kifurushi kilekile. Kwa 5G jambo hili lina uzito zaidi, kwani mara nyingi hutumia masafa ya juu, kama MHz 3,500, ambayo hupenya ukuta wa tofali kwa shida.

Hatua ya 4: Kokotoa bei ya MB utakazozitumia kweli. Tuseme kifurushi cha wiki ni shilingi 12,000 kwa GB 5. Hiyo ni shilingi 2.4 kwa MB. Lakini ukitumia GB 3 tu kabla ya wiki kwisha, umelipa shilingi 4 kwa MB, na cha mwezi chenye GB 4 kwa bei hiyohiyo kingekufaa zaidi kwa shilingi 3. Hesabu hii ni muhimu hasa unapohamia 5G, kwa sababu kasi ikipanda, programu za video hupandisha ubora wa picha zenyewe. Netflix inaeleza kwamba picha ya HD, yaani ya ubora wa juu, hula hadi GB 3 kwa saa, ilhali ubora wa kati hula takribani GB 0.7. Kwa shilingi 2.4, saa moja ya filamu inatoka shilingi 1,680 na kufika 7,200, nawe hujabonyeza kitu. Weka kikomo cha ubora ndani ya programu kabla ya kuhama.

Hatua ya 5: Ukinunua kasi, uliza kikomo. Maneno "bila kikomo" mara nyingi huambatana na kiwango cha matumizi ambacho ukikivuka kasi hushushwa. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia ruta ya mwezi mzima, na siku ya 11 ikashuka hadi Mbps 1. Muuzaji hakuwa ametaja sharti hilo, na iliniuma kwa kuwa nilikuwa nimempendekezea mteja wangu kifurushi hichohicho. Tangu hapo huomba majibu matatu kwa maandishi: kikomo ni GB ngapi, kasi itakuwa kiasi gani baada yake, na kasi ya kupakia, yaani kutuma, ni ipi, maana matangazo hutaja ya kupakua tu.

Hatua ya 6: Jiunge kwanza na kifurushi cha siku moja kwenye laini ya mtandao unaoufikiria, iweke simu palepale itakapokaa ruta, kisha rudia vipimo vya hatua ya 2 na ya 3. Simu hiyo iwe ya 5G ikiwa unachotaka kulipia ni 5G.